Karatasi ya Kukosa Kihamba

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Afisa maendeleo wa kata, dada mmoja mrefu mwenye sweta ya kijani, alikaa kwenye kigoda changu nje ya jiko, akaweka daftari juu ya magoti, akaniuliza, "Bibi, huyu binti ana shamba?"

Nikasimama. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaweka ungo chini, nikamshika mkono nikampeleka mpaka njiani.

"Unaona yale masale kule chini, pale kwenye mgomba ulioinama? Na haya hapa? Na yale kule juu kwa jirani? Basi humo ndani kote ni kihamba chetu. Baba wa mume wangu alizaliwa humo na amezikwa humo. Hapa kwangu hakuna mtu asiye na shamba."

Akaandika. Nikaona kalamu inakwenda, nikafurahi. Nikamkatia na mkungu mdogo wa ndizi akaondoka nao.

Kwa asiye mtu wa huku nieleze. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, migomba juu na kahawa chini yake, na makaburi ya wazee humo humo. Masale ni yale majani marefu tunayopanda mpakani, na mtu hayang'oi hivi hivi. Sasa mgeni anakuja na daftari lake, anakuuliza kama mtoto wa kwako ana shamba. Ukijibu hana, umesema hana kwao. Nisingelisema neno hilo hata kwa viboko.

Wala siwezi kusema sikuambiwa swali lilikuwa la nini. Tuliitwa mkutanoni, tukaelezwa vizuri. Ila mimi nilikaa nyuma nikigombana kwa sauti ya chini na mama mmoja ambaye mbuzi wake alikula mbegu zangu. Nilisikia "serikali", nikasikia "vijana watafundishwa ufundi", nikasikia "bure". Maneno matatu hayo yakanitosha. Kumbe lilikuwapo la nne, kwamba wanaotakiwa ni vijana wasio na kazi, wasio na wazazi, na wasio na ardhi. Hilo la ardhi lilipita wakati namwambia yule mama amfunge mbuzi wake.

Binti mwenyewe alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mama yake alikwenda Arusha kufanya kazi za ndani akiwa hajafika hata miaka kumi na sita. Alirudi na mimba, akajifungua, akaondoka tena. Mara ya mwisho alirudi amebebwa. Tukamzika chini ya migomba. Baba wa mtoto hatukumjua na sikupoteza muda kumtafuta. Mtoto nikamlea. Alimaliza darasa la saba, jina lake halikutoka kwenda sekondari, akabaki nyumbani. Kila siku anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, anapanda nayo kichwani, anawapa, anakwenda kuchota maji. Ng'ombe walikuwa wa mtoto wangu wa mwisho, yule ambaye kwa desturi yetu ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake.

Miaka hiyo ya soko huria kahawa ilikuwa imetuangusha. Wanunuzi wengi, mizani mingi, na bei ya chini kila msimu. Watu waling'oa mibuni ya babu zao wakapanda nyanya. Vijana wa kiume walishuka Moshi kuuza soksi na mitumba, wengine wakapanda mlimani kubeba mizigo ya wazungu. Wasichana walichukuliwa kwenda kazi za ndani, na mimi tayari nilishapata mgeni, mama mmoja kutoka Arusha huko huko. Alikuja mara mbili, amevaa viatu vya kuchongoka, akamwangalia mjukuu wangu kama mtu anayeangalia mtamba mnadani.

"Huyu ananifaa," alisema. "Hana mdomo."

Nilimwambia arudi baada ya mavuno. Nilikuwa nanunua muda. Niliapa moyoni kwamba mtoto huyu hataenda barabara ile aliyokwenda mama yake. Niliposikia habari ya ufundi wa bure nikasema ndiyo hii. Kisha, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamtoa.

Majina yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Tulikwenda pamoja. Mimi nasoma polepole, nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nilianza juu nikiteremka kwa kidole. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kusoma wote.

"Sipo, bibi," akasema.

"Subiri nimalize."

"Bibi, sipo."

Nikamaliza hata hivyo. Hakuwepo. Nikaingia ndani bila kupiga hodi. Yule afisa alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo nyuma yako?"

"Kwenye ubao nasema."

Akafungua daftari, akatafuta, akanigeuzia nione. Palikuwa na mistari, na kwenye mstari wake pameandikwa: ana shamba la urithi. "Bibi, nafasi ni chache, na wapo ambao hawana hata pa kusimama. Wewe ulinitembeza mipaka yote. Ningeandika nini?"

"Lile si lake."

"Ni la nani?"

Nilikuwa sijawahi kulisema kwa maneno. "Ni la mjomba wake. Yeye ni mtoto wa kike, tena wa binti. Hana kitu humo."

Afisa akaweka kikombe chini. Hakucheka, namshukuru. Alisema orodha itapelekwa mjini Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ili abadilishe alihitaji karatasi. Mwenye kihamba aandike kwa mkono wake kwamba binti hana sehemu, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri. Bila hivyo wakubwa wake watasema anapendelea watu.

Njiani mjukuu wangu alitembea nyuma yangu kama kawaida yake. Mimi si hodari wa kuomba radhi kwa watoto. Nikamwambia tu aende akakate majani mapema.

Mwanangu nilimkuta bandani anatia dawa kwato za ng'ombe. Nikamweleza yote, bila kuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema hapana.

"Mama, niandike kwamba namnyima mtoto wa dada yangu? Kwa mkono wangu, halafu mwenyekiti agonge muhuri? Ukoo utanionaje?"

"Kwani unamnyima?"

"Simnyimi. Si anakaa hapa? Si anakula hapa?"

"Hata ng'ombe wanakaa hapa na wanakula hapa."

Mke wake alikuwa ndani anakoroga mtori wa ndizi. Nikasikia amecheka, kisha akajikohoza.

"Wewe mama una maneno," akasema mwanangu. "Mwache mtoto atulie. Huo ufundi wa serikali atapata nini? Watoto wangapi wana vyeti na wanauza maji ya kunywa stendi? Hapa ana kazi."

"Ana kazi yako. Yake hana."

"Na majani nani atakata?"

Basi, alikuwa amelitoa mwenyewe. Nikaingia jikoni, nikachukua panga langu, nikaenda mpakani. Pale masale yalipokuwa yameotana sana nikakata vipande saba vya kupanda, vyenye urefu wa mkono. Nikarudi navyo nikavitupa mbele ya miguu yake.

"Panda," nikamwambia.

"Nipande nini?"

"Masale. Anzia pale kwenye mparachichi, teremka mpaka kwenye mfongo. Kipande hicho ni cha mjukuu wangu. Ukimaliza sitaki karatasi yoyote. Nitakwenda kumwambia afisa kwamba nilisema kweli, binti ana shamba, na habari ya ufundi iishie hapo."

Aliyaangalia yale masale. Pale kwenye mparachichi mpaka kwenye mfongo, ule mtaro wetu wa maji, ndipo palipokuwa na migomba mizuri. Akaniangalia mimi.

"Mama, msichana hapewi kihamba."

"Nani kasema?"

"Si ndiyo desturi? Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Nimeishi nayo kabla yako. Basi andika hivyo hivyo ulivyosema. Chagua moja, jembe au kalamu. Zote ziko ndani."

Akayasogeza yale masale kwa mguu, ng'ombe wanatafuna. Mwishowe akamwita mkewe alete daftari la mtoto. Akaandika ameegemea nguzo ya banda. Alipomaliza akanipa bila kunitazama usoni. Nikaisoma kwa kidole. Iliandikwa kwamba yeye mwenye kihamba anathibitisha ya kuwa binti huyu, mtoto wa marehemu dada yake, hana sehemu katika kihamba hiki, wala hatapewa.

Hilo neno "wala hatapewa" mimi sikuliomba. Aliliweka mwenyewe. Nilisimama na karatasi ile mkononi, nikafikiri kuichana na kumwambia aandike upya. Lakini nilimjua, angeweza kubadili mawazo kabisa, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Wakati huo mjukuu wangu aliingia na mzigo wa majani kichwani. Uso hauonekani, miguu tu na majani. Akautua. Akaona masale chini, akamwona mjomba wake ana kalamu sikioni.

"Imesemaje, bibi?"

Nikamsomea. Yote, na lile neno la mwisho. Sikutaka aje alisikie ofisini mbele ya watu. Alisikiliza huku anajitoa majani shingoni. Halafu akasema, "Usiikunje kwanza. Wino haujakauka."

Mwenyekiti hakai ofisini Alhamisi. Nilimfuata kilabuni, mahali wanapouza mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake kama siku zote. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na vibuyu vyao. Habari ilikuwa imenitangulia, sijui kwa miguu gani.

"Karibu mama mwenye shamba!" mmoja akaanza. "Juzi tumesikia kihamba chako kinaanzia hapa mpaka Himo."

"Leo kimepungua," akadakia mwingine. "Amekuja kutangaza kwamba kimeliwa na fuko."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga mbege.

"Chekeni," nikawaambia. "Mabinti zenu wangapi wamo kwenye vihamba vyenu? Mmoja ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mmoja akainua kibuyu akanywa, akijifanya hakusikia. Mwenyekiti aliisoma ile karatasi mara mbili. Akaniuliza polepole kama nina hakika, maana kitu kilichogongwa muhuri kinabaki. Nikamwambia agonge, povu la mbege yake linakwisha. Akapulizia muhuri pumzi yake, akagonga kwenye paja la mwenzake juu ya daftari. Haukutoka vizuri. Nikamwambia agonge tena. Akagonga.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa afisa kabla hajafika. Aliisoma, akafika mwisho, akaweka kidole hapo.

"Bibi, hii sehemu ya mwisho haikuhitajika."

"Najua."

"Nikiiweka kwenye faili haitatoka."

"Mwanangu, gari la mjini linaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi andika."

Hakufuta yale maneno ya kwanza. Alipiga mstari juu yake, akaandika pembeni: hana ardhi, tazama kiambatisho. Kiambatisho ni ile karatasi.

Chuo kilikuwa mjini Moshi, majengo marefu ya bati yenye kelele za vyuma. Siku ya kuripoti nilimsindikiza. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Mwalimu wa zamu, mzee mwenye koti la bluu lililojaa chaki, alikuwa anawapanga watoto kwa mafungu. Wavulana useremala, uashi, umeme, bomba. Wasichana cherehani na upishi. Alipofika kwa mjukuu wangu hakuinua hata macho.

"Cherehani."

"Mimi bomba," akasema mjukuu wangu.

Mwalimu akainua macho. Na mimi nikamfinya mtoto ubavuni, nikamwambia mwalimu amsamehe, maana mtoto huyu husemwa hana mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuona moyoni mwangu cherehani barazani, na yeye amekaa kivulini anashona sare za shule. Nilikuwa nimepigana kwa ajili ya cherehani ile.

"Bomba ni kazi ya kuchimba," mwalimu akamwambia. "Ni kubeba vyuma, kukaa kwenye matope."

"Nakata majani tambarare, mwalimu. Nayapandisha kichwani mpaka kwetu Uru."

"Na kwa nini bomba?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno, yule mama wa Arusha hakukosea. "Kwetu wanawake hawafiki kule juu mfongo unapoanzia," akasema. "Tunachota chini, yameshapita kwa ng'ombe wa kila mtu. Nataka kujua maji yanaanzia wapi."

Ni kweli. Chimbuko la mfongo lilikuwa la wanaume. Mimi mwenyewe nilikuwa na wajukuu na sikuwa nimelitia machoni, wala sikuwahi kuuliza. Nikaondoa mkono wangu ubavuni mwake.

Mwalimu alicheka kidogo. "Haya. Bomba. Ila siku utakayokuja kunililia nitakuhamishia kwenye cherehani."

"Nikilia nitalia huku huku."

"Bibi," mwalimu akaniambia, "na ulisema hana mdomo?"

"Si mimi niliyesema," nikamjibu.

Mwaka ule majani nilikata mimi. Nililiamua usiku wa kwanza alipokuwa bwenini. Mwanangu asipate la kusema, asiseme ng'ombe wamekonda kwa sababu ya ufundi wa serikali. Nilikuwa na mundu wangu na kamba yangu, nikashuka asubuhi na wasichana wa rika lake. Walinicheka mara ya kwanza, mara ya pili wakanisaidia kujitwika. Goti langu la kushoto halijanisamehe mpaka leo. Mwanangu aliniona napanda na mzigo siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mama, weka chini, watu wananiangalia." Nikamwambia wakimwangalia na yeye awaangalie. Baadaye alimnunulia mtu baiskeli ya kuleta majani. Kumbe iliwezekana siku zote.

Mjukuu wangu alikuja nyumbani kila Jumamosi ya pili. Viganja vilikuwa vimechanika, kisha vikawa vigumu. Alinieleza jinsi wanavyokata nyuzi kwenye mdomo wa bomba, wanazungushia katani, wanapaka rangi, wanakaza kwa spana kubwa iliyo ndefu kama mkono wake. Jumamosi moja alikuja na kipande cha bomba na koki, akanifanya nikaze. Nikakaza. Akatia maji upande wa pili, yakavuja yakaniingia kwenye mkono wa gauni.

"Umeweka katani kinyume, bibi. Inatakiwa izunguke upande unaokazia."

"Ungesema mapema."

"Mwalimu naye hasemi mapema."

Wavulana wa darasa lake walikuwa kumi na tisa na yeye peke yake. Walimwita "mama maji". Alikasirika wiki moja, halafu akaanza kuitika. Cheti alikipata. Nilikishika, nikakisoma kwa kidole, nikakirudisha kwenye bahasha.

Lakini cheti hakiliwi. Pale chuoni palikuwa na chumba kidogo chenye meza na benchi, ambapo mama mmoja mnene alikuwa na kazi ya kuwatafutia wahitimu mahali pa kufanya kazi. Anaandika barua, unaipeleka kwa mkandarasi. Mkandarasi wa kwanza aliisoma barua akamwangalia mjukuu wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimeomba fundi," akasema. "Wameniletea mpishi?"

Akamrudisha. Wa pili hakutaka hata kuisoma. Mjukuu wangu alilala nyumbani siku moja, amegeukia ukutani. Na kama vile amenusa, yule mama wa viatu vya kuchongoka akaja tena, mara ya tatu. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimesikia ule ufundi haukuzaa kitu," akasema. "Nafasi yangu bado ipo. Na sasa amekomaa."

Mimi nikafungua mdomo. Mjukuu wangu akatoka ndani kabla sijasema, ana viatu mguuni na bahasha mkononi.

"Shikamoo mama. Samahani, nawahi mjini. Leo Jumatatu, mama wa barua anafungua saa mbili."

Akapita. Yule mgeni akaniuliza, "Si ulisema hana mdomo?"

"Mbona wote mnanisingizia?" nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesema."

Alikwenda kukaa kwenye lile benchi kila Jumatatu. Kahawa ikachanua, ikafunga matunda, yeye anakwenda. Mama wa barua alichoka kumwona, nadhani ndiyo maana akavaa viatu siku moja akaenda naye yeye mwenyewe kwa mkandarasi wa tatu. Huyo alikuwa amepata kazi ya kuteremsha bomba la maji kutoka chemchemi ya juu, ile ile ya mfongo wetu, mpaka vijiji vya kwetu. Alimwambia mjukuu wangu aunge viungo vitatu mbele yake. Akaunga. Wakatia maji. Hakikuvuja hata kimoja. Akaambiwa aje kesho na ovaroli.

Kwa hiyo alifika kule chimbukoni kabla yangu. Aliniambia ni mahali pa kawaida, miti mikubwa na maji yanatoka chini ya jiwe. "Hakuna kingine?" Nikamuuliza mara mbili. Hakuna.

Mtaro wa bomba uliteremka wiki kwa wiki, mpaka ukafika kwetu. Msimamizi wao alikuwa mtu wa mbali, hakujua lugha yetu wala mambo yetu, ila alijua kwamba ukikata masale ya Mchagga bila ruhusa unatafuta panga. Akamtuma mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nje ya jiko nachambua maharage. Mwanangu alikuwa anafunga kamba ya ndama.

Alisimama njiani, ovaroli ya bluu, mabuti ya matope, kitambaa kichwani.

"Hodi."

Mwanangu akageuka. "Hodi ya nini, kwani wewe mgeni? Ingia."

"Shikamoo mjomba. Nimetumwa na kazi. Tunaomba ruhusa kupitisha mtaro kwenye kihamba chenu."

Nilisikia vizuri. Na yeye alisikia vizuri. Maharage yalinisimama mkononi.

"Chenu?" akasema mwanangu. "Toka lini ukasema chenu? Sema chetu."

"Karatasi iko kwenye faili mjini, mjomba. Ina muhuri mara mbili. Nikisema chetu nitakuwa nimeidanganya serikali."

Kule mtaroni wenzake walikuwa wameacha kuchimba wanasikiliza. Mmoja akaita, "Mwambie, mama maji!" Mjukuu wangu hakuwa anamdhihaki mjomba wake. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuuliza bei ya chumvi. Ndilo lililomchoma mwanangu zaidi, nilimwona. Alinitazama mimi, anataka nimsaidie. Nikarudi kwenye maharage yangu. Na mimi lile neno lilinichoma, nisifiche. Nilikuwa nimeliomba mwenyewe kwa ajili yake, nikaligongesha muhuri, nikalipeleka kabla ya saa tatu. Nilijua siku moja litarudi kupiga hodi.

"Piteni," akasema mwanangu.

"Aika, asante, mjomba. Masale manne yatang'oka. Nitayarudisha."

Walichimba siku mbili. Mwanangu aliwapelekea maji, kisha ndizi za kuchemsha, kisha akachukua koleo akasaidia kufukia, hakuambiwa na mtu. Walipomaliza, mjukuu wangu alipiga magoti akapanda yale masale manne. Alitoa futi kutoka mfukoni, akapima kutoka kwenye lililobaki upande huu na lililobaki upande ule. Nilikwenda kuangalia baadaye, peke yangu. Hakuwa amesogeza hata upana wa kidole.

Koki yetu iliwekwa karibu na mparachichi. Siku walipofungulia, ilikohoa, ikatema hewa, ikatoa maji mekundu, halafu masafi. Mwanangu alimwambia mjukuu wangu kwamba akitaka, wanaweza kwenda mjini kuitafuta ile karatasi waibadilishe. Alisema akiangalia chini. Mjukuu wangu akamwambia asante, lakini sasa wanakwenda Kahe, kuna mabomba ya kuunga, akirudi watazungumza. Kutoka Kahe alikwenda kwingine. Bado hawajazungumza, na mimi siwasukumi.

Muda ulipita, akaja kijana mwingine wa ofisi na daftari, wanaandika watu wa kila kaya. Afisa wa sweta ya kijani alikuwa amehamishwa. Huyu akakaa kwenye kigoda kile kile. Akauliza majina, akauliza miaka, akafika kwa mjukuu wangu.

"Huyu binti ana shamba, bibi?"

Safari hii sikusimama.

"Hana," nikamwambia. "Andika fundi bomba."

"Ana kazi ya uhakika?"

Nikamwambia anawe mikono kwanza, koki ile pale kwenye mparachichi, halafu aje aandike anachotaka.